Barua ya wazi kwa wasimamizi wa tiba ya saratani: msinunue dawa lengwa bila kipimo chake

Waheshimiwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa bohari za dawa na wasimamizi wa mifuko ya bima,

Salamu. Tunawaandikia sisi tunaopokea vinyama (vipande vya uvimbe vinavyokatwa ili vipimwe) maabara, tunaosoma slaidi, tunaochanganya dawa na tunaomwangalia mgonjwa akiwa kwenye dripu. Ombi letu ni moja, na tunalitaja mapema ili asiye na muda wa kusoma barua yote aondoke nalo: kila dawa lengwa mnayoiingiza kwenye orodha ya dawa za saratani, iingizeni pamoja na kipimo chake, kwenye fungu moja la bajeti, mkataba mmoja na ratiba moja ya kuagiza. Dawa ikitangulia peke yake, mmenunua nusu ya tiba kwa bei ya tiba nzima.

(Majina ya dawa tumeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye boksi, ili mfamasia asihangaike kuyatafuta.)

Tuanze na namna dawa hizi zinavyofanya kazi, maana maamuzi mengi mabaya ya ununuzi yanaanzia hapo. Kemo (tiba ya kemikali) ya kawaida hushambulia seli zinazogawanyika haraka, ziwe za saratani, za uboho, za utumbo au za mizizi ya nywele. Ndiyo sababu daktari anaweza kuipanga kwa kuangalia saratani imeanzia kiungo gani na imefika wapi. Dawa lengwa inataka zaidi ya hapo. Inatafuta kitu kimoja mahususi ndani ya seli au kwenye utando wake: protini iliyozidi kiwango, kimeng'enya kilichogoma kuzimika, jeni mbili zilizoungana kimakosa. Kitu hicho kisipokuwapo kwenye uvimbe wa mgonjwa huyu, dawa haina pa kushika, na mgonjwa anabaki na madhara yake pamoja na miezi aliyopoteza.

Wagonjwa wawili wanaweza kulala vitanda vya jirani, wote wana saratani ya titi, ukubwa wa uvimbe unalingana, na bado mmoja akafaa trastuzumab na mwenzake asifae kabisa. Trastuzumab hushika protini ya HER2, nayo imezidi kwa wagonjwa 15 hadi 20 tu kati ya 100 wenye saratani ya titi. Anayegawa trastuzumab bila kupima anawapa wote ili kuwapata hao wachache, na kila mmoja wa waliosalia anabeba hatari ya moyo kudhoofika bila faida yoyote.

Kuna wanaodhani kwamba kukosea hapa ni hasara ya fedha tu. Utafiti wa IPASS, uliofanyika Asia ya Mashariki na kuchapishwa mwaka 2009, uliwapa wagonjwa wa saratani ya mapafu ama gefitinib, kidonge kinachozima EGFR, ama kemo. Kati ya waliokuwa na badiliko kwenye jeni ya EGFR waliopewa gefitinib, uvimbe ulisinyaa kwa watu 71 kati ya 100. Kati ya wasiokuwa na badiliko hilo, ulisinyaa kwa mtu 1 kati ya 100, na ugonjwa wao ulisonga mbele haraka kuliko wa wenzao waliopewa kemo. Kidonge kilikuwa kile kile. Kwa kundi la pili kilikaa mahali pa tiba ambayo ingewasaidia. Hali ni hiyo hiyo kwa saratani ya utumbo mpana: dawa lengwa za cetuximab na panitumumab, zinazoziba EGFR, hazimsaidii mgonjwa ambaye uvimbe wake una badiliko kwenye jeni za RAS, na hao ni karibu nusu.

Hata badiliko lile lile halina maana moja kila mahali. Badiliko la V600E kwenye jeni ya BRAF, likiwa kwenye melanoma (saratani ya seli za rangi) ya ngozi, hujibu vizuri vemurafenib, kidonge kinachoziba BRAF. Badiliko hilo hilo kwenye utumbo mpana karibu halijibu kitu kwa vemurafenib peke yake, kwa sababu seli za utumbo hupitisha ishara kwa njia ya EGFR pale BRAF inapozibwa. Kwa hiyo msikubali mtu awaambie kwamba ripoti ya jeni inatosha bila mtaalamu wa kuisoma pamoja na ripoti ya patholojia (uchunguzi wa kinyama kwa darubini).

Sasa tufike kwenye jambo ambalo halitajwi kabisa kwenye vikao vya zabuni, nalo ni fomalini, kimiminika cha kuhifadhia kinyama.

Kipimo hakianzii kwenye mashine. Kinaanzia thieta, dakika ile daktari wa upasuaji anapokata mshipa wa mwisho unaolisha uvimbe. Tangu hapo seli hazipati damu, vimeng'enya vyake vinaanza kuzila zenyewe, na zile protini na DNA tunazotaka kupima zinaharibika. Kwa saratani ya titi, miongozo inataka kinyama kiwe kimeingia kwenye fomalini ndani ya saa 1, na kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Kikikaa muda mfupi mno, HER2 na vipokezi vya homoni vinaweza kuonekana havipo wakati vipo. Kikikaa mno, vinafichika na DNA inakatika.

Fomalini yenyewe ni ya asilimia 10 iliyosawazishwa. Kimiminika cha kwenye dumu huwa na fomaldehaidi asilimia 37 hadi 40. Ili kupata lita 1 chukua mililita 100 za kimiminika hicho, mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za chumvi ya NaH₂PO₄ na gramu 6.5 za Na₂HPO₄, kisha hakikisha pH iko karibu na 7. Tunachokikuta kwenye kopo mara nyingi ni tofauti: dumu limechanganywa na maji ya bomba bila chumvi, au halikuchanganywa kabisa, au kinyama kimekuja kwenye maji ya chumvi kwa sababu fomalini ilikwisha. Chumvi zile mbili zikikosekana, asidi ya fomiki hujijenga taratibu, inaikata DNA vipande vipande na kuacha punje za kahawia kwenye slaidi. Huko mbele mashine ya PCR, inayonakili DNA ili ipimwe, itasema "imeshindikana", na lawama atapewa mtu wa maabara.

Kiasi nacho kina kanuni: fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Titi zima lililosukumwa kwenye kopo linalolitosha lenyewe tu halihifadhiwi, linaoza polepole. Na fomalini haikimbii. Mwanzoni inapenya kama milimita 1 kwa saa, kisha inazidi kupunguza mwendo kadiri inavyoingia ndani. Uvimbe wa sentimita 6 ukitumbukizwa bila kukatwa Ijumaa jioni, kufika Jumatatu ganda la nje limekakamaa vizuri na katikati pamekuwa uji. Dawa yake ni kisu na mtu aliyefundishwa: titi likatwe mapande ya milimita 5 hadi 10 siku hiyo hiyo, karatasi ya kunyonya iwekwe katikati ya mapande ili fomalini ipite, na kingo za upasuaji zipakwe wino kabla ya kukata ili daktari wa patholojia ajue upande upi ni upi. Hapahitajiki mashine. Panahitajika zamu ya mwishoni mwa wiki, na hiyo zamu ndiyo inayofutwa kwanza bajeti inapobana.

Mifupa ina shida yake. Sampuli ya mfupa hulainishwa kabla ya kukatwa, na asidi kali inayofanya kazi hiyo kwa haraka huua DNA kabisa. Kama kuna uwezekano wa kupima jeni, tumieni EDTA, kemikali inayolainisha mfupa taratibu, ingawa inachukua siku nyingi zaidi.

Kwa mapafu tatizo ni uchache. Kinyama cha sindano ni chembamba kama uzi, na kila rangi ya ziada ya kupimia inakula sehemu yake. Tumeshaona bloku (vipande vya nta vilivyoshika kinyama) zilizomalizika kwa kutafuta jina kamili la saratani, na kilichobaki hakitoshi kupima jeni za EGFR wala ALK, yaani vile vipimo ambavyo vingembadilishia mgonjwa tiba. Mara nyingi rangi mbili, TTF-1 na p40, zinatosha kutenganisha aina mbili za saratani ya mapafu, adenokasinoma na ile ya seli bapa. Fundi akate slaidi zote kwa mara moja, zikiwemo za akiba kwa ajili ya jeni, kwa sababu kila bloku inaporudishwa kwenye mashine ya kukatia, tabaka kadhaa zinatupwa ili kusawazisha uso wake. Slaidi za akiba nazo zisilale kabatini: zikipita wiki 6 tangu kukatwa, majibu ya HER2 hayaaminiki tena.

Ndiyo maana tunasema kununua jopo la jeni mia tano (kipimo kinachosoma jeni hizo zote kwa pamoja) kabla ya kuwa na fomalini nzuri ni kununua tandiko kabla ya punda.

Majibu yakishatoka, yanatakiwa yasomeke. Kwa HER2, rangi ya kingamwili inapewa alama 0, 1+, 2+ au 3+. Alama ya 3+ ni ndiyo. Kwa trastuzumab, 0 na 1+ ni hapana, ingawa maabara isiache kuzitenganisha, kwa kuwa tangu 2022 iko dawa ya kingamwili iliyobeba kemo, trastuzumab deruxtecan, ambayo inatumika hata kwa baadhi ya wagonjwa wa 1+ ambao saratani imesambaa. Alama ya 2+ si jibu. Ni swali, na linajibiwa kwa kipimo cha FISH kinachohesabu nakala za jeni zenyewe. Mpango wa trastuzumab usio na FISH, au usio na njia ya kuipeleka sampuli mahali ilipo, unawaacha wagonjwa wa 2+ njia panda: daktari mmoja atawapa dawa, mwingine atawanyima, na wote wawili watakuwa wanabahatisha.

Kwa vipimo vya jeni kuna majibu matatu, wala si mawili. Badiliko limeonekana, halijaonekana, haikuwezekana kupima. La pili na la tatu huchanganywa kila siku kwenye mafaili, na mgonjwa ambaye sampuli yake ilikuwa mbovu anahesabiwa kuwa hana badiliko. Ripoti ieleze ni asilimia ngapi ya seli kwenye kinyama zilikuwa za saratani (zikiwa chini ya 20, njia nyingi zinaanza kukosa), ni mabadiliko yapi hasa yaliyotafutwa, na kwa njia gani. Hivyo hivyo kwa kupima DNA ya uvimbe kwenye damu. Ni njia nzuri kwa mgonjwa ambaye huwezi kumchoma tena sindano ya pafu, lakini uvimbe mwingine hautoi DNA ya kutosha kwenye damu, kwa hiyo "halijaonekana" kwenye damu linabaki kuwa sababu ya kutafuta kinyama. Na damu hiyo ikiwa kwenye chupa ya kawaida ya EDTA (hapa huzuia damu kuganda) inabidi izungushwe kwenye mashine na plazima, sehemu ya majimaji, kutengwa ndani ya saa chache. Ikilala usiku kucha, seli nyeupe zinapasuka na kuifunika DNA ya uvimbe kwa DNA ya mgonjwa mwenyewe. Ziko chupa maalumu zinazovumilia siku kadhaa; ziandikwe kwenye mkataba kama maabara iko mbali.

Muda nao upimwe. Miongozo ya kimataifa ya saratani ya mapafu inataka majibu ya EGFR na ALK yatoke ndani ya siku 10 za kazi tangu sampuli ifike maabara. Mgonjwa ambaye saratani yake ya mapafu imesambaa hawezi kungoja miezi miwili. Ataanza kemo, na jibu litamkuta keshachoka.

Tukija kwenye dawa zenyewe, imatinib ndiyo mfano mzuri kuliko yote, na pia ndiyo inayoonyesha wazi namna mpango unavyoharibika. Saratani ya damu sugu ya mieloidi hutokea pale kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande. Kromosomu 22 iliyofupika ilionekana mwaka 1960 huko Philadelphia, na Janet Rowley akaonyesha mwaka 1973 kwamba ni mabadilishano. Pale vipande hivyo vinapoungana inazaliwa jeni BCR-ABL, nayo inatengeneza kimeng'enya kisichozimika. Imatinib, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2001, inakizima. Katika utafiti wa IRIS, kati ya walioanzishiwa imatinib, 83 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015. Dozi ya kawaida katika hatua ya awali ya ugonjwa ni mg 400 mara 1 kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji.

Hapo ndipo wengi wanapofunga faili. Hesabu ya seli nyeupe hurudi kawaida baada ya wiki chache, wengu unanywea, mgonjwa anarudi kazini, na afisa wa bajeti anauliza PCR ya nini tena. Jibu: hesabu ya damu inaweza kuwa safi kabisa huku BCR-ABL ikipanda. Kwa kipimo cha kimataifa, mwezi wa 3 wa tiba BCR-ABL iwe asilimia 10 au chini, mwezi wa 6 asilimia 1 au chini, mwezi wa 12 asilimia 0.1 au chini. Asiyefika, kabla ya kubadilishiwa dawa aulizwe maswali mawili: unameza kila siku? Unatumia dawa nyingine gani? Baada ya hapo ndipo tutafute badiliko la usugu. Likiwa lile liitwalo T315I, si imatinib wala dawa za jamii yake, dasatinib na nilotinib, itakayofaa, na kuendelea kuzigawa ni kupoteza muda. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali nyingi zinazo kwa ajili ya kifua kikuu, zina katriji ya kupima aina ya BCR-ABL iliyo ya kawaida zaidi kwenye ugonjwa huu. Mara nyingi kinachokosekana ni katriji, na mashine ipo.

Swali lile la kwanza linawahusu ninyi kuliko mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka London uliwafuatilia watu waliokuwa wakitumia imatinib kwa miaka. Kati ya waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao, uwezekano wa kushuka hadi asilimia 0.1 ndani ya miaka 6 ulikuwa asilimia 94.5. Kwa waliomeza asilimia 90 au chini, ulikuwa 28.4. Asilimia 90 maana yake ni kukosa vidonge 3 kwa mwezi. Bohari ikiishiwa kwa wiki moja, mgonjwa amekosa 7, hata awe mtu wa nidhamu kiasi gani. Kwa hiyo akiba ya miezi 3 kwa kila mgonjwa aliyesajiliwa isionekane kama dawa iliyokaa bure stoo. Na mpeni mgonjwa vidonge vya miezi 2 au 3 kwa mkupuo pale hali yake inaporuhusu, kwa kuwa kumwita kila mwezi kwa vidonge 30 ni kumtengenezea nafasi ya kukosa.

Trastuzumab ni hesabu nyingine. Dozi ya kwanza ni mg 8 kwa kila kilo ya mgonjwa, zinazofuata mg 6 kwa kilo kila wiki 3, kwa mwaka 1, jumla dozi 18. Chupa kubwa ina mg 440. Kwa dozi zinazofuata, mgonjwa wa kilo 60 anahitaji mg 360, na mg 80 zinabaki. Kama chupa imekuja na maji yake yenye kihifadhi, iliyokwisha kuchanganywa inakaa siku 28 kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na mabaki yanamfaa mgonjwa anayefuata. Kama imechanganywa na maji ya sindano ya kawaida, kihifadhi hakimo na haiwezi kusubiri siku hizo. Wagonjwa sita wa kilo hizo wakipangwa siku moja, inaokolewa chupa 1. Wakitawanywa wiki nzima kwenye hospitali isiyo na maji yenye kihifadhi, mabaki yanaishia kwenye sinki. Mchanganyaji azungushe chupa polepole, asiitikise, kwa sababu protini inatoa povu na kuharibika. Kisha dawa iingie kwenye mililita 250 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Isichanganywe kamwe na dripu ya glukosi, maana protini huganda. Dozi ya kwanza iende kwa dakika 90, zinazofuata zikivumiliwa vizuri dakika 30. Mgonjwa akichelewa zaidi ya wiki 1, anarudishiwa dozi kubwa ya mwanzo. Bohari inapochelewesha, inaongeza pia matumizi ya dawa.

Trastuzumab bila eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ni hatari tupu. Eko ifanyike kabla ya kuanza, kisha kila baada ya miezi 3. Nguvu ya moyo kusukuma damu ikishuka kwa pointi 16 za asilimia au zaidi kutoka ilipokuwa, au kwa pointi 10 au zaidi hadi chini ya kiwango cha kawaida, dawa inasimamishwa kwa wiki 4 na kipimo kinarudiwa. Mara nyingi moyo hupona dawa ikisimamishwa mapema. Wanaoweza kupata mimba watumie uzazi wa mpango hadi miezi 7 baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu dawa hupunguza maji ya mfuko wa uzazi.

Mtaulizwa kama miezi 6 inatosha. Utafiti wa PERSEPHONE wa Uingereza, mwaka 2019, ulikuta miezi 6 haiko nyuma ya 12: baada ya miaka 4, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 89.4 dhidi ya 89.8. Utafiti wa PHARE wa Ufaransa haukuweza kuthibitisha hivyo, na mwaka 1 umebaki kuwa kanuni. Maoni yetu: pale ambapo chaguo halisi ni miezi 6 kwa wote waliopimwa na kufaa, au mwaka mzima kwa nusu yao na nusu nyingine wasipate kitu, miezi 6 kwa wote inatetewa. Lakini iandikwe kama sera, isitokee kwa sababu ya dawa kuisha. Dawa zinazofanana na trastuzumab ya awali zipo pia. Shirika la Afya Duniani lilipitisha ya kwanza Desemba 2019, na hakuna sababu ya kitabibu ya kung'ang'ania jina la kampuni.

Rituximab, dawa lengwa ya limfoma (saratani ya tezi), inasubiri kipimo cha CD20, protini ya seli B, kwenye kinyama cha tezi, na kipimo cha pili ambacho wengi hukisahau: homa ya ini aina ya B. Mpimeni mgonjwa vipimo viwili vya damu, HBsAg na anti-HBc, kabla ya dripu ya kwanza. Virusi vilivyolala kwenye ini huamka seli B zinapofagiwa, na mgonjwa aliyekuwa anaishinda limfoma anaweza kufa kwa ini. Aliye na maambukizi aanzishiwe dawa ya kuzuia virusi na aendelee nayo kwa miezi mingi baada ya rituximab kwisha.

Mwingiliano wa dawa unaharibu kazi kimyakimya. Rifampicin ya kifua kikuu hupunguza imatinib mwilini kwa karibu robo tatu. Omeprazole, dawa ya vidonda vya tumbo, hupunguza erlotinib (kidonge cha EGFR kama gefitinib) kwa karibu nusu, na sigara nayo huishusha. Balungi hupandisha nyingi kati ya vidonge hivi. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU hupandisha, nyingine hushusha. Erlotinib humezwa tumbo likiwa tupu, saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Imatinib ni kinyume chake. Mfamasia wa saratani anayeona orodha nzima ya dawa za mgonjwa si anasa.

Na msiwaambie wananchi kwamba tiba hii haina madhara. Erlotinib na gefitinib hutoa vipele vya uso na kifua ndani ya wiki chache za mwanzo, na mgonjwa asiyeonywa anaacha dawa akidhani imemkataa. Doxycycline mg 100, krimu ya hydrocortisone asilimia 1 na kujikinga na jua vinawasaidia wengi; loperamide iwe karibu kwa ajili ya kuhara. Kikohozi kipya na pumzi kukata ni suala lingine kabisa: kidonge kisimame siku hiyo hiyo na kifua kipigwe picha. Wala msiahidi kupona pale ambapo hakupo. Osimertinib, kidonge kingine cha EGFR, kwa saratani ya mapafu iliyosambaa yenye badiliko la EGFR ilizuia ugonjwa kwa wastani wa miezi 18.9 katika utafiti wa FLAURA. Hiyo ni miezi mizuri, lakini saratani hujifunza njia nyingine, na kupima tena usugu unapotokea kuwemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kama mnaanza, anzeni na jozi chache: vipokezi vya homoni na tamoxifen (kidonge kinachoviziba), HER2 na trastuzumab, BCR-ABL na imatinib, CD20 na rituximab. Hizi zinahitaji rangi za kingamwili, FISH ya kituo kimoja cha rufaa na PCR, basi. Zikienda vizuri ongezeni EGFR na vidonge vyake. Jeni za BRCA, zinazorithiwa, na dawa yake olaparib zije mkiwa na mshauri wa nasaba (mtaalamu wa magonjwa ya kurithi), kwa kuwa jibu lake linawagusa ndugu, dada na watoto wa mgonjwa, na hawakuombwa ridhaa.

Kabla ya kusaini zabuni inayofuata, tunaomba majibu ya maandishi kwa haya. Nani anakata titi mapande Ijumaa jioni, na analipwa na nani? Sampuli ya 2+ inaenda wapi, na inarudi baada ya siku ngapi? Sampuli ngapi kati ya 100 zilizotumwa mwaka jana zilishindwa kupimika? Fomu ya kuombea kipimo iongezewe nafasi mbili tu, saa kinyama kilipotoka mwilini na saa kilipoingia kwenye fomalini, na maabara iwe na mamlaka ya kumpigia simu daktari pale zinapokuja tupu. Vitendanishi vya kipimo viagizwe siku moja na dawa yake, na mzabuni asilipwe kwa shehena ya dawa ambayo kipimo chake hakijafika.

Wenu katika kazi,
Wataalamu wa patholojia, maabara, famasia na uuguzi wa saratani